Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, mbona makosa yangu siyaoni?

Dada mshauri,

Salamu kutoka Rungwe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili tangu ujana wangu hadi siku ya kustaafu, na wengi niliowafundisha leo ni viongozi wa vijiji na makanisa hapa kwetu. Nilipostaafu nilirudi shambani. Nina migomba, chai kidogo, na parachichi aina ya Hass. Wakulima wenzangu wakanichagua kuwa katibu wa kikundi chetu, wakisema Mwalimu ndiye anayejua kuandika.

Msimu huu mnunuzi alichelewesha fedha na watu wakaanza kunung'unika. Siku fedha zilipoingia benki nilifurahi mno. Usiku uleule niliandika tangazo kwa mkono, asubuhi nikashuka Tukuyu, kijana wa steshenari akalichapa. Nililisoma kwenye kioo cha kompyuta, likatoka kwenye printa nikalisoma tena, miwani ikiwa usoni. Nikaenda kulibandika kwenye ubao wa kituo chetu cha kukusanyia matunda. Lilisema hivi: "Wanachama wote walioleta parachichi msimu huu watalipa shilingi 1,400 kwa kilo, siku ya Ijumaa kuanzia saa 3 asubuhi. Kila mmoja aje na kitambulisho na stakabadhi ya mizani."

Nilikusudia "watalipwa". Herufi moja tu.

Ijumaa ilipofika, watu walikuja wamefura. Wengine walidai tumewauza kwa mnunuzi. Kijana mmoja alitoa kalamu mfukoni, akaichomeka "w" juu ya lile neno mbele ya umati, watu wakacheka. Lakini kilichoniuma zaidi ni mama mmoja mjane aliyetoka kijiji cha juu. Alikuwa ameleta kilo 60. Alikuja na shilingi 84,000 amezifunga kwenye pindo la kanga, amezikopa kwenye kikoba chao, akiamini ni gharama fulani anayodaiwa. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nikilipa leo matunda yangu yatachukuliwa?"

Sasa kamati imeamua kila andiko langu lipitiwe kwanza na binti anayeandika takwimu za mizani. Binti huyu amemaliza kidato cha nne juzi tu, na darasa la tano nilimfundisha mimi. Vijana wananiita Mwalimu Watalipa. Wengine wanasema chinichini kwamba nyani haoni kundule, nimezoea kuchora wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu na ya kwangu yananishinda.

Macho nimepima, hayana tatizo. Je, huu ni uzee? Ni uzembe? Na nikikubali kusahihishwa na mwanafunzi wangu, heshima yangu itabaki wapi? Nimeshaandika barua ya kujiuzulu, bado sijaipeleka.

Katibu, Rungwe

*

Shikamoo Mwalimu,

Barua ya kujiuzulu iache hapohapo ilipo. Macho yako ni mazima na akili yako ni nzima, na kosa lililokupata huwapata waandishi vijana wenye macho makali kuliko yako na yangu. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeniambia umeanza kusahau majina ya wajukuu au njia ya kurudi nyumbani. Hilo hujaniambia. Ulichoniambia ni kwamba uliandika jambo unalolijua vizuri, kisha ukalisoma mwenyewe usilione kosa. Hivyo ndivyo binadamu tunavyosoma maandishi yetu.

Chukua daftari la mtoto wa darasa la tano. Unapolifungua hujui anataka kusema nini. Unalazimika kushika kila neno lake ili umwelewe, na pale neno linapokwenda kombo unakwama, kalamu nyekundu inashuka. Kazi hiyo umeifanya kwa miaka mingi na uliiweza kwa sababu ulikuwa mgeni katika kila daftari. Kwenye tangazo lako hukuwa mgeni. Uliposimama pale steshenari ulikuwa tayari unajua kwamba fedha zimeingia, kwamba mnunuzi ndiye anayelipa na wakulima ndio wanaopokea. Sentensi kamili, pamoja na "w" yake, ilikuwa kichwani mwako tangu usiku. Macho yalipita kwenye karatasi, lakini uliyekuwa ukimsoma ni yule Mwalimu wa jana usiku mwenye furaha. Yule mama wa kijiji cha juu hakuwa na kitu kichwani zaidi ya karatasi. Akasoma kilichoandikwa.

Na macho yenyewe hayasomi jinsi tunavyodhani. Tukiwafundisha watoto tunawaonyesha kidole kikipita herufi kwa herufi, lakini mtu mzima anayesoma huruka. Jicho husimama mahali kwa muda wa kama robo sekunde, hukamata sawasawa herufi chache za katikati, saba au nane hivi, kisha hurukia mbele. Maneno mafupi kama "na" na "ya" mara nyingi hurukwa kabisa. Ndiyo maana "ya" ikirudiwa mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa mstari unaofuata, unaweza kuipita usiione. Kinachoonekana nusunusu akili hukijaza kwa kubahatisha, na kwa kawaida hubahatisha vizuri, la sivyo kusoma gazeti kungetuchukua siku nzima. Kwenye andiko lako mwenyewe akili haina haja hata ya kubahatisha. Jibu inalo tayari.

Kiswahili chetu kinaongeza ugumu wake hapo, na wewe unalijua hili kuliko mimi. Uzito wa sentensi tunaubebesha silabi ndogo zilizofichwa ndani ya kitenzi. Nani anatenda na nani anatendwa, ndiyo au siyo, jana au kesho, vyote vimo katika herufi mojamoja ambazo zikidondoka huacha neno lingine zima, lenye sura nzuri, lisiloshtua mtu. "Mwenyekiti amesimamisha kazi" na "Mwenyekiti amesimamishwa kazi" ni habari mbili zinazoweza kugawa kijiji. "Walioleta" na "wasioleta" zinafanana kwa haraka. "Tumekopa" na "tumekopwa" zimetofautiana kwa herufi ileile iliyokuponza. Laiti ungekosea ukaandika "watalpwa", kila mtu angeona ni kosa la uchapaji, akacheka kidogo, akaelewa, akaenda kuchukua hela yake. Kosa lako lilileta madhara kwa sababu lilikuwa Kiswahili safi.

Jambo hili si geni wala si la wakulima wa parachichi peke yao. Mwaka 1631 jijini London, Robert Barker na Martin Lucas, wapigachapa wa mfalme, walitoa toleo la Biblia ambalo katika amri kumi lilikosa neno moja dogo la kukanusha. Kwa Kiingereza ni neno linalojitegemea, na lilipodondoka amri ikawaamuru watu wazini. Kwetu ingetosha silabi moja kutoka kwenye "Usizini". Wale walikuwa mabingwa wa kazi yao, wanachapa kitabu ambacho karibu kila msomaji alijua kinasema nini, na pengine hiyo ndiyo sababu kosa lilipita. Walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Hadi leo toleo lile linaitwa Biblia Ovu.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1993 Meredyth Daneman na Murray Stainton walichapisha utafiti wa watu waliopewa kusahihisha insha walizoandika wenyewe na insha za wengine. Kwenye insha zao wenyewe, zikiwa bado mbichi, makosa mengi zaidi yaliwapita. Tofauti haikuwa ya elimu wala ya bidii, maana watu walikuwa walewale. Aliyeliandika andiko analijua mno.

Kwa hiyo wanaokutupia ile methali ya nyani wanakuonea. Ile ni ya mtu anayecheka aibu za wenzake huku za kwake akizifumbia macho. Wewe hukufumba macho, ulilisoma na kulirudia ukiwa na miwani. Inayokufaa ni ile ya kinyozi: kinyozi hajinyoi. Hakuna anayemdharau kinyozi kwa kukaa kwenye kiti cha mwenzake, wala hakuna anayesema amesahau kushika wembe. Kisogo chake hakioni, basi.

Huenda kuna atakayekushauri ununue simu nzuri au uiachie kompyuta isahihishe. Usitegemee. Kompyuta nyingi za steshenari zetu zimewekwa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo ukichapa Kiswahili ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu, neno sahihi na neno bovu sawasawa. Kijana aliyekuchapia ameizoea mistari hiyo, haioni tena. Na hata programu ya kukagua tahajia inayokijua Kiswahili ingeyapitisha "watalipa" na "watalipwa" yote mawili, kwa kuwa yote ni maneno halali. Haijui kwamba mnunuzi ndiye mwenye deni. Hilo linahitaji mtu.

Tuje kwa binti wa mizani, maana naona ndipo moyo wako ulipokwama.

Unaiona kazi aliyopewa kama mtihani, mwanafunzi akimpa mwalimu alama. Naomba uitazame upya. Kamati haikumchagua kwa sababu anakijua Kiswahili kukushinda. Hakishindi chako, na yeye mwenyewe anajua. Ana kitu kimoja ambacho wewe, kwa andiko lako, huwezi kuwa nacho hata ujitahidi vipi: hajui ulitaka kusema nini. Anasimama pale aliposimama yule mama. Ukimpa karatasi kabla haijafika ubaoni, atakwama mahali ambapo wanachama wangekwama, na akikwama mbele yako, kwenye benchi la ofisi, hakuna anayeumia. Tena yeye anaishi na stakabadhi siku nzima. Tangazo likitaja kilo au bei isiyofanana na vitabu vya mizani, ataligundua kabla ya mwenyekiti.

Nawe ulikuwa ukilifanya jambo hili kazini. Mtihani wa muhula anautunga mwalimu mmoja, na penye utaratibu mzuri mwenzake anaupitia kabla haujachapwa, hata kama mwenzake ni mwalimu mpya aliyetoka chuoni mwaka huohuo. Magazetini na kwa wachapishaji wa vitabu hali ni hiyohiyo. Mwandishi mkubwa anaandika, mhariri anapitia, kisha msomaji prufu, ambaye mara nyingi ni kijana asiyejulikana na mtu, anasoma mstari kwa mstari. Sijawahi kusikia mwandishi makini akisema huyo kijana amemvunjia heshima.

Ila heshima ina namna yake, na hapo una haki ya kuweka utaratibu. Mwite binti, mweleze mwenyewe kabla kamati haijamweleza, maana sasa hivi huenda anaogopa kuliko wewe. Fikiria msichana aliyekaa darasani kwako akiambiwa akamwonyeshe Mwalimu kosa. Usipomfungulia mlango atasoma, ataona, na atanyamaza kwa adabu, halafu tangazo litakwenda ubaoni na kosa lake. Mwambie kwa maneno wazi kwamba akiona kitu na asiseme ndipo atakapokukosea. Mpeane karatasi faragha, si mbele ya foleni. Asichore chochote juu ya andiko lako, akutie alama ndogo ya penseli pembeni na kukuuliza, "Mwalimu, hapa ulimaanisha nini?" Uamuzi wa kubadilisha ubaki kwako. Na likitokea kosa limepita nyie wote wawili, wewe ndiye katibu, saini ni yako, usimsukumie yeye. Ukimsukumia mara moja hatakuonyesha kosa tena.

Usimpe karatasi ukamwuliza kama iko sawa. Atasema iko sawa, kila mtu husema hivyo. Mpe asome kimya, kisha aigeuze na akueleze kwa maneno yake tangazo linasema nini: nani anamlipa nani, kiasi gani, siku gani, aje na nini. Lile la juzi lingekamatwa kwa swali la kwanza tu. Baada ya hapo alisome kwa sauti nawe usikilize bila kushika nakala. Ukiwa na nakala mkononi utarudi kusoma kilicho kichwani mwako. Sikio halina nafasi ya kurukaruka kama jicho, linapokea neno moja baada ya jingine.

Tarakimu zinataka uangalifu wa peke yake. Kati ya 14,000 na 1,400 kuna sifuri moja, na hakuna sarufi ya kukuonya. Zisomwe tarakimu moja moja kwa sauti na kulinganishwa na kitabu cha mizani au karatasi ya benki. Siku na tarehe zilinganishwe na kalenda ya ukutani, maana "Ijumaa tarehe 14" huandikwa hata kama tarehe 14 ni Alhamisi. Saa nayo: wewe uliandika saa 3 asubuhi na ulifanya vyema, lakini kuna vijana wanaochapa 9:00 kwa mazoea ya simu, na mzee akiisoma anafika saa tisa alasiri. Namba ya simu ipigwe palepale, ikiita kwa mtu sahihi ndiyo iingie kwenye tangazo.

Majina je? Hapo Rungwe nusu ya orodha ya malipo inaanza na Mwaka- au Mwaki-. Jicho likishaona mwanzo huo hulegea na kudhani limeshamjua mtu, na Mwakibete anaandikwa Mwakibinga, ukoo mwingine kabisa, fedha inakwenda nyumba nyingine. Orodha ya majina isomwe na watu wawili, mmoja anataja, mwingine anatia tiki. Hili nakusihi usiliruke hata mkiwa na haraka kiasi gani.

Kuna siku binti atakuwa hayupo na jambo haliwezi kungoja. Siku hiyo lilaze andiko usiku mmoja kama inawezekana, asubuhi utakuwa mgeni kidogo kwenye maneno yako. Lisome kwenye karatasi badala ya kioo, na kwa herufi kubwa zaidi. Lisome kwa sauti, polepole, kidole kikiwa chini ya kila neno, kama ulivyowafundisha watoto. Kuna wanaoshauri kusoma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Inasaidia kukamata tahajia, lakini kosa kama lako haliwezi kuonekana hivyo, kwa kuwa neno lenyewe halina ila mpaka liwe ndani ya sentensi yake. Hata ukifanya yote hayo, mtafute mtu yeyote, hata mwendesha bodaboda aliyeegesha hapo nje, akueleze alichoelewa.

Kuhusu wanachama, waandikie tangazo fupi la kusahihisha, na hilo liwe la kwanza kupita kwa binti. Liseme wazi: tangazo la awali lilikosewa, hakuna mwanachama anayedaiwa, fedha zinatoka kwa mnunuzi kuja kwenu, shilingi 1,400 kwa kila kilo. Usilizungushe kwa maneno ya heshima mengi. Kwa yule mama usitume karatasi. Panda kijiji cha juu mwenyewe, au ukishindwa mtume mjumbe wa kamati anayemfahamu, mhakikishe kwamba amepokea 84,000 zake za matunda na kwamba zile alizokopa zimerudi kikoba. Kama alitozwa riba kwa ajili ya mkopo ule, kikundi kimlipie. Halikuwa kosa lake kusoma vizuri.

Jina la utani litaisha kwa kasi yake. Ukiligombania litadumu.

Na mkutano ujao wa kamati uombe jambo moja liingie kwenye muhtasari: kila andiko linalotolewa na kikundi, liwe la katibu, la mwenyekiti au la mweka hazina, lipitiwe na mtu ambaye hakuliandika, na jina la aliyelipitia liandikwe kwenye nakala ya faili. Mwenyekiti naye anaandika barua kwa mnunuzi, naye amo kwenye hatari hiyohiyo. Binti apewe posho kidogo kwa kazi hiyo, maana hadi sasa mnamlipa kwa mizani tu.